Nzige Aliyechoshwa na Mazoezi

Kazi yangu ya kwanza serikalini ilikuwa kumwagilia chuma. Naliweka hili mwanzoni kabisa ili ninyi vijana mnaoniita mama wa maabara mjue mnamsifu nani. Kilikuwa chuma kirefu kama mtaimbo, kimechomekwa ardhini nyuma ya kituo chetu pale Same, na kila asubuhi nilikimwagia ndoo nzima ya maji kabla sijaingia ndani. Mji ulikuwa na shida ya maji kama ulivyo mpaka leo. Kina mama wamepanga madebe bombani, na mimi, binti niliyesomeshwa na wamisheni kule Gonja, napita mbele yao na ndoo kichwani nikaimwage juu ya kipande cha chuma. Mama yangu aliposhuka kuja kuniona, alisimama nyuma yangu akaitazama kazi hiyo mpaka tone la mwisho.

"Nakijwa," akaniuliza, "na kikiota, kitazaa nini?"

Nilimwambia ni kazi ya siri ya serikali. Akarudi milimani na kuitangaza siri hiyo kanisani Jumapili iliyofuata.

Mmeniomba niandike yale niliyoyaona kazini, maana mmegundua kwamba nikikaa nanyi kwenye chai husimulia kipande kipande na kumalizia na malalamiko ya mgongo. Haya, naandika. Vyeo na mishahara nitaviruka, kwa sababu vilikuja kwa kuchelewa na havikuwa na hadithi yoyote ndani yake. Nitasema habari za vyombo, za watu walionifundisha, na za siku ile kituo kilipokaribia kufungwa kwa sababu ya bidii yangu. Si uvivu, jamani. Bidii.

Uhuru ulikuwa bado mchanga nilipoajiriwa. Mkuu wa kituo alikuwa Daktari Mrutu, Mpare mwenzetu aliyesomea Ulaya akarudi na sanduku moja la nguo na mengine kadhaa ya vyombo. Usaili wangu ulikuwa hivi: alinipa sindano na uzi mweusi, akaniambia nitunge huku yeye akiitikisa meza. Nikatunga. Akasema, "Kesho uje kazini." Nilidhani nimeajiriwa kushona mapazia, na siku za mwanzo nilizunguka nikiyapima madirisha kwa macho.

Kumbe Daktari alitaka kujua nzige anajuaje kwamba ndege anamjia. Nzige wakiruka ni wengi mpaka jua linafifia, lakini hawagongani. Ukimnyemelea mmoja kwa mkono, hata kwa nyuma, ameshapaa. Ndani ya kichwa chake kuna ubongo mdogo kuliko punje ya mtama, na ndani ya ubongo huo zimo seli za neva zinazopashana habari kwa umeme kidogo sana. Daktari alikuwa akichomeka sindano nyembamba kuliko unywele katika ubongo wa nzige aliye hai, karibu na seli moja, ili aisikilize seli hiyo peke yake. Kama tungejua nzige anaonaje hatari, labda tungejua namna ya kumfukuza mashambani. Aliponieleza haya yote niliitikia kwa kichwa kwa heshima, nikarudi kwenye madirisha yangu.

Kabla hamjanihukumu, nzige wetu alilazwa kwanza kwenye jokofu la mafuta ya taa mpaka akapoa na kulegea. Ndipo tukamshikiza kwa nta ya nyuki juu ya kijukwaa na kumfungulia kidirisha kichwani. Kijukwaa kilikaa juu ya bamba la jiwe lililoshushwa kutoka mlimani kwa msaragambo, ile kazi yetu ya kuitana kwa baragumu watu wakaja kusaidia. Chini ya bamba kulikuwa na mipira ya ndani ya matairi ya lori, iliyojazwa upepo, ili treni ikipita sindano isicheze. Na kuzunguka bamba lote tulijenga tundu la waya wa kuku, kuzuia umeme wa hewani. Kila mgeni aliyeingia aliuliza kuku wako wapi.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Mzee Senkondo, mtu wa Makanya, mgane asiye na mtoto. Enzi za mkoloni alikuwa mpiga telegrafu wa reli, miaka mingi akipokea habari za vituo vya mbali kwa sikio. Daktari alimchukua awe fundi wa umeme, yeye akaleta masikio yake pamoja na koleo zake. Tulikuwa na chombo chenye kioo na mstari wa kijani unaoruka kila seli inaposema, chombo cha gharama kuliko jengo lenyewe, lakini Mzee Senkondo alikipa mgongo. Alikaa kwenye kigoda mbele ya spika, kichwa kimeinama, mkono mmoja gotini, kama anayesubiri kuitwa kutoka kituo cha mbali.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekimwagia chuma?"

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu kwa miaka. Siku nilipopata ujasiri wa kumuuliza sababu, alinijibu bila kuondoa macho kwenye spika.

"Umeme wa seli ni mdogo mno. Humu hewani kumejaa umeme mwingine, wa jenereta, wa redio, wa kila kitu. Tusipoupa njia ya kwenda ardhini, utatupigia kelele mchana kutwa. Na ardhi ya Same ni kavu. Ni kama karani wa bomani, bila kulainishwa haipokei kitu."

Nilielewa. Lakini kuelewa ni jambo moja, na vijana wa kiume waliokaa pale bombani wakinicheka ni jambo jingine. Asubuhi moja niliona haya, nikaiacha ndoo, nikaingia ndani kimya kimya. Daktari alikuwa ametoka, Mzee alikuwa nje na jenereta. Nikawasha vyombo, nikashusha sindano kama nilivyokuwa nimeanza kuruhusiwa, na spika ikaanza kuimba. Si kunguruma, kuimba. Kwaya nzima, sauti zote nne, wimbo wa kanisani ninaoujua. Nilipatwa na hofu takatifu. Nilisimama mbele ya yule nzige, na nisiwafiche, nikaanza kuimba sauti yangu ya pili, ili asiimbe peke yake.

Mzee Senkondo alinikuta hivyo. Alisubiri ubeti uishe. Kwaya ikanyamaza, na nzige akasoma taarifa ya habari.

"Nenda kamwagilie chuma," akasema Mzee.

Nilitoka na ndoo mbio, nikapita mbele ya wale vijana bila hata kuwaona. Hakuwahi kuniuliza kwa nini niliiruka kazi hiyo siku ile. Ila kwa miaka iliyofuata, kila Jumatatu alitaka kujua kama nzige wangu alikwenda kanisani.

Seli ya kweli niliisikia baadaye kidogo, mchana wa joto ambao hata mbuzi walikuwa wamejificha. Daktari alikuwa akishusha sindano kwa kuzungusha kirungu kidogo, polepole, jasho linamtoka puani. Spika ilikuwa inavuma chini chini. Mara ikasikika: ta. Ta-ta. Kama bisi mbili tatu zinazoanza kupasuka sufuriani. Mzee Senkondo akainua kidole.

"Huyo ni mmoja," akasema. "Peke yake. Mwanangu, mpelekee mkono."

Nikaupeleka mkono wangu taratibu kuelekea jicho la nzige. Zile bisi zikaanza kukimbizana, ta-ta-tatata-krrrrr, mpaka kiganja kilipofika karibu na waya. Nikaurudisha. Kimya. Nikaupeleka. Krrrrr. Nikaurudisha. Kimya.

"Mbona nikiondoka haisemi?" nikauliza.

"Anayeondoka hana habari," akajibu Mzee Senkondo. "Huyu kazi yake ni anayekuja."

Nitasema wazi: nilifurahi mpaka nikaupeleka mkono tena na tena. Kitu kidogo kuliko vumbi, ndani ya kichwa cha mdudu ninayemkaanga na kumla nyumbani, kilikuwa kimeuona mkono wangu na kunitolea taarifa. Tangu siku hiyo sikupima tena madirisha. Kula nzige, sikuacha. Nisijifanye mtakatifu.

Likaja Azimio la Arusha, ikaja siasa ya vijiji, na kila ofisi ikaanza kuulizwa inamfaa nini mkulima. Swali lilikuwa zuri. Shida ni kwamba sisi tulikuwa tunajibu kwa kuonyesha tundu la kuku lisilo na kuku. Hata vifaa vyetu vilileta maneno. Zile sindano tulizitengeneza wenyewe kwa pini za chuma. Unaichovya pini kwenye asidi na kuipitishia umeme mpaka ncha yake ipotee machoni, kisha unaipaka mwili mzima kitu cha kuzuia umeme, ubakize ncha tupu. Kitu bora tulichokipata Same kwa kazi hiyo kilikuwa rangi ya kucha, na nyekundu ndiyo ilionekana vizuri chini ya hadubini.

Sasa fikirini. Ni wakati ule wa kusakama mawigi na midomo ya rangi. Mimi ni mwalimu wa kwaya ya kanisani, nimevaa gauni la kufunika magoti, natoka dukani na chupa kadhaa za rangi nyekundu ya kucha. Nilisimamishwa barabarani na vijana waliokuwa wamejipa kazi ya kulinda utamaduni wa taifa.

"Dada, hizi ni za nini?"

"Za ubongo wa nzige."

Walitazamana. Mmoja akasema kwa upole, kama anaongea na mgonjwa, "Dada, nyumbani ni wapi?" Walinisindikiza mpaka kituoni, wakamkabidhi Daktari mtu wake na rangi zake. Mama yangu alizipata habari hizo kabla ya jua kuzama, sijui kwa njia gani, na zilipomfikia kule Gonja nilikuwa nimeshakuwa na kucha nyekundu kumi.

Basi ndipo likaja neno kwamba Mkurugenzi kutoka Dar es Salaam atatutembelea. Daktari Mrutu alituita wote, tuliokuwa wachache, akatuambia ukweli. Mkurugenzi anakuja kuamua. Akiridhika, tunabaki. Asiporidhika, vyombo vinapelekwa Dar, na jengo linakuwa ghala la mbolea. Mimi ningerudi Gonja nikalime na kufundisha kwaya, nisingekufa. Daktari angepata kazi popote. Mzee Senkondo alikuwa amezeeka mno kuhamia Dar.

"Na mimi nitarudi Makanya," alisema, akijaribu kucheka. "Nitakaa barazani nisikilize mbuzi."

Kicheko chake hakikufika popote. Mke wake alikuwa amekufa zamani. Kile kigoda mbele ya spika ndicho kilichokuwa kikimtoa kitandani asubuhi, na sisi sote tulijua. Sikuogopa kupoteza kazi kama nilivyoogopa kumwona mtu yule akikaa bila wa kumsikiliza.

Kwa hiyo nikajitwisha mambo. Enzi zile hakuna mgeni aliyepokelewa bila mazoezi. Watoto wa shule walifanya mazoezi ya kupunga vibendera. Mawe ya kando ya njia yalipakwa chokaa. Kina mama walifanya mazoezi ya vigelegele, na mtu aliyetakiwa kushangaa alifanya mazoezi ya kushangaa. Nami mwalimu wa kwaya nilisema, na sisi tutafanya mazoezi. Nilipanga kila kitu. Daktari atasimama hapa na kueleza. Mzee atakaa pale kwenye spika. Mgeni atakaa kwenye kiti kile chenye kitambaa nilichokidarizi mwenyewe. Mimi nitausukuma mpira mweusi wa karatasi ngumu, uliofungwa kwenye kijiti, uelekee jicho la kulia la nzige, na seli itasema krrrrr, na Mkurugenzi ataridhika.

Tulifanya mazoezi na nzige mmoja baada ya mwingine kwa wiki nzima, nami nikiwachagua kama ninavyochagua waimba solo. Huyu sauti yake nyembamba. Huyu anawahi. Asubuhi ya siku yenyewe nikampata wa ajabu, mwenye sauti safi inayojaza chumba. Nikasema, huyu ndiye. Daktari akaweka sindano mapema kabisa, ikakaa vizuri, kisha akavaa koti lake na kwenda kumngoja mgeni barabarani.

Mgeni akachelewa, kama ilivyo kazi ya wageni. Mngekuwa ninyi mngefanya nini? Mngemwacha nzige apumzike. Mimi nilisema, hatuwezi kukaa bure. Mazoezi. Nikausukuma mpira. Krrrrr. Vizuri, tena. Krrrr. Tena. Nikarekebisha mwendo, nikarekebisha mkono, nikarekebisha hata namna ya kusimama. Tena. Krr. Tena.

"Mwanangu," akasema Mzee Senkondo, "anapunguza."

"Anajitunza, Mzee."

"Anajitunza?"

"Mwimbaji mzuri hamalizi sauti kwenye mazoezi. Ataitoa mgeni akifika."

Mzee alikuwa mtu wa kuheshimu ujuzi wa mwenzake, na kwaya ilikuwa ujuzi wangu. Akarudisha kichwa kwenye spika. Nami nikaendelea mpaka gari lilipolia nje.

Mkurugenzi alikuwa mtu mrefu na mpana, suti nyeusi ya kola fupi, mkoba mweusi. Nilimpokea mkoba kwa adabu zote nilizofundishwa na misheni, nikauweka mezani upande wa kushoto wa tundu, nikampeleka kwenye kiti chake upande wa pili kabisa. Alikitazama kitambaa, alilitazama tundu.

"Kuku wako wapi?" akauliza.

Daktari akaeleza. Alieleza vizuri, kuliko siku zote. Kisha akanipa ishara, na mimi nikausukuma mpira mweusi.

Kimya.

Nikaurudisha, nikausukuma tena. Spika ilikuwa inavuma chini chini kama mtu anayekoroma kwa heshima. Nikausukuma kwa haraka, nikausukuma kwa upole, nikamwangalia nzige kwa lile jicho ninalowaangalia nalo kina soprano. Hakuna. Mzee Senkondo alikuwa ameinamia spika mpaka paji la uso linagusa kitambaa chake, akiitafuta seli iliyonyamaza. Hilo ndilo lililonichoma. Nilitamani sakafu ipasuke.

"Ndugu Daktari," akasema Mkurugenzi, "hapa nasikiliza nini?"

"Ndugu Mkurugenzi, kwa kawaida..."

"Kawaida sikuiona. Nimetoka Ngujini asubuhi hii. Wananchi kule wanauliza mbegu, wanauliza dawa ya wadudu. Niwaambie serikali yao inafuga panzi mmoja?"

"Nzige," nikasema. Hata leo sijui ulimi wangu ulitumwa na nani.

Mkurugenzi akainuka. Hakuwa amekasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi, alikuwa tu ameshaamua. Akazunguka nyuma ya tundu kwenda kuchukua mkoba wake pale nilipouweka, upande wa kushoto ambako hatukuwahi kufanya zoezi hata mara moja. Akaunyoosha mkono wake mrefu wenye mkono mweusi wa suti, ukalipita jicho la nzige.

KRRRRRRRR!

Spika ilipiga kelele mpaka Mkurugenzi akaruka nyuma. Kimya. Akasimama. Akatutazama mmoja mmoja, kama tumemchezea. Akanyoosha mkono tena, polepole.

Ta-ta-tatata-krrrrrr.

Akaurudisha. Kimya.

"Ananiona mimi?" akauliza, kwa sauti ambayo haikuwa ya mkurugenzi hata kidogo.

"Anakuona wewe," akasema Mzee Senkondo kutoka kwenye kigoda chake. Machozi yalikuwa yanamtiririka, wala hakuyafuta. "Anasema unakuja."

"Na ule mpira?"

Daktari Mrutu alishika kichwa kwa mikono miwili. Alikuwa anacheka na kutaka kulia kwa pamoja. "Mpira ameuzoea! Tumemsukumia mpira uleule, upande uleule, tangu asubuhi. Seli ikishaona kitu hakiumi, inaacha kukitolea taarifa. Lakini upande huu alikuwa hajaonyeshwa kitu." Kisha akanigeukia. "Nakijwa, mmefanya mazoezi mara ngapi?"

Nikasema nilipoteza hesabu.

Mkurugenzi alikaa. Si kwenye kiti chenye kitambaa, alivuta sanduku akakaa karibu na tundu. Alisema kwao walimweka mtu wa majani shambani, ndege wakaogopa siku mbili, siku ya tatu wakatua kichwani mwake. Daktari akasema ndiyo, ni jambo lilelile, na mazoea hayo huanzia humu, kwenye seli hii. Wakaanza kuzungumza hasa, mkulima kwa mkulima: kama kitu cha kutishia kikihamishwa kila siku, kama kikija kutoka juu, kama rangi ina maana. Alikuwa akinyoosha mkono kila mara, kama mtoto aliyepewa filimbi, mpaka Daktari akamwomba amwache nzige kidogo asije akamzoea naye.

Mkurugenzi akauliza, kama anajisemea, "Na wananchi nao? Wakisikia hotuba ileile, kwa maneno yaleyale?"

Mzee Senkondo alijitia anafuta vumbi kwenye spika, na mimi nikagundua kwamba chuma kinahitaji maji.

Alipokuwa anaingia garini, alimwambia Daktari, "Mashine zibaki." Hayo tu. Kisha akafungua dirisha na kuniita. "Na wewe dada wa mpira. Usimfundishe tena nzige."

Miaka iliyofuata haikuwa rahisi. Dizeli ilipotea, betri zikapotea, rangi ya kucha ikapotea, wakati fulani tulipaka pini kwa vanishi ya mwenye kutengeneza majeneza. Tulibomoa redio mbovu ili tupate vipuri, na mambo ya kuhamisha vitisho shambani yalifanyiwa majaribio vijijini, mengine yakafaulu, mengine yakachekwa na ndege. Daktari alihamishwa, wakaja wengine. Mzee Senkondo akabaki. Masikio yake yalianza kuchoka, akaanza kuweka vidole kwenye karatasi ya spika ili aipate seli kwa mguso. Nilijifanya sioni. Aliendelea hivyo mpaka mwili wenyewe ulipokataa, tukamzika kwao Makanya, kwenye ardhi kavu ileile. Watu wakimwaga udongo, mimi nilimwaga maji. Wazee waliniuliza ni mila ya wapi. Nililia sana siku ile na sikujali nani ananiona.

Sasa nije kwenu. Wiki ya kustaafu kwangu mlijifungia kwenye stoo iliyopakana na ofisi yangu mkafanya mazoezi ya wimbo wa kuniaga. Wiki nzima. Mlidhani sisikii. Niliujua ubeti wa tatu kabla yenu, na soprano yenu inapanda juu mno pale kwenye "kwaheri". Siku ilipofika nikakaa kwenye kiti cha mapambo, mkaimba, mkaniangalia kama nitalia. Sikulia. Nilikaa kama yule nzige mbele ya mpira wake. Niliona mmekata tamaa, na nikaona aibu kwa ajili yenu na kwa ajili yangu.

Kisha Anna, ambaye sasa anakalia nafasi yangu, akasema, "Mama, kabla hujaondoka, pitia kwanza maabara ya zamani." Sikuwa na habari ya hilo. Nilidhani mmeshaigeuza chumba cha karatasi. Nikasukuma mlango, na kitu kikasema, ta. Ta-ta. Nikapiga hatua. Tatata-krrrrrr. Lile tundu la waya wa kuku, lile bamba la jiwe, na kwenye kigoda, spika ya Mzee Senkondo yenye alama za vidole vyake. Nzige wenu alikuwa ananiona nakuja, na mimi nililia kama mtoto, mbele ya Mkuu wa Wilaya na keki.

Chuma kiko palepale, msikisahau. Pembeni yake umeota mpapai ambao hakuna aliyeupanda, kwa hiyo mama yangu, kama angekuwepo, angepata jibu lake.

Lakini jambo ambalo hamkuliona ni la mwisho. Mlipotoka kwenda kupakia zawadi zangu, nilibaki peke yangu kule ndani. Nikachukua mkoba wangu, nikaanza kuondoka. Spika ilinyamaza, na nilijua itanyamaza, nimefundishwa hilo nikiwa binti. Anayeondoka hana habari. Nilifika mlangoni bila kusikia kitu. Nikageuka, nikapiga hatua moja kurudi ndani.

Krrrrr.

Nikatoka haraka, kabla hajanizoea.